Kazi ikihamia nyumbani, wajibu wa mwajiri haubaki ofisini

Oktoba 30, 2025, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, watumishi wa umma nchini waliagizwa kufanyia kazi nyumbani. Agizo hilo lilitoka wakati intaneti imekwishazimwa nchi nzima tangu siku iliyotangulia, na wakazi wa Dar es Salaam wametakiwa wawe ndani ifikapo saa 12 jioni. Mambo mazito kuliko mshahara yalitokea siku zile. Wapo waliopoteza ndugu na watoto, na hayo yana mahali pake pa kuzungumzwa. Lakini ndani ya agizo lile limo swali ambalo linamgusa kila aliyeajiriwa na kila aliyeajiri. Mfanyakazi aliyekaa nyumbani kwa kuambiwa, kompyuta mbele yake, intaneti hakuna, je, ujira wa siku zile ni haki yake au ni hisani ya bosi wake?

Kwa mtumishi wa Serikali swali hili huenda lisiwe na uzito, kwa kuwa mshahara wake ni wa mwezi na hauhesabiwi kwa siku moja moja. Lakini kwa kijana wa Mbagala anayelipwa kwa siku ili apokee simu za wateja wa kampuni fulani, au kwa dada wa Tegeta anayeandika mahesabu ya duka la Kariakoo akiwa chumbani kwake, siku tano bila malipo ni kodi ya nyumba, ni ada ya mtoto, ni unga na mafuta.

Wala jambo hili halikuanza Oktoba ile. Machi 16, 2020 alipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona nchini, shule zilifungwa siku iliyofuata. Kenya, siku moja kabla ya hapo, Rais Uhuru Kenyatta alikwishawataka waajiri wawaruhusu watu wao kufanyia kazi nyumbani. Sisi hatukufungiwa ndani kama majirani zetu, lakini ofisi kadhaa hapa mjini ziliwarudisha watu majumbani. Ugonjwa ukapungua, mtindo ukabaki. Mwajiri akagundua kuwa anaweza kupunguza vyumba vya ofisi na kazi ikaendelea. Mfanyakazi naye akagundua kuwa anaweza kuepuka foleni ya asubuhi kutoka Bunju au Chamazi. Kila mmoja akafurahi, na hakuna aliyekaa chini kuuliza nani sasa anabeba nini.

Na kabla ya kompyuta, kufanyia kazi nyumbani kulikuwepo katika mwambao wetu kwa vizazi. Kofia za mkono tunazovaa Ijumaa na Idi hazikushonwa kiwandani. Nyingi zimedariziwa na akina mama barazani na vyumbani, Unguja, Pemba, Lamu na hapa Dar es Salaam, tundu moja baada ya jingine, kazi ya wiki nyingi kwa kofia moja nzuri. Mfanyabiashara huchukua kofia na kwenda kuiuza. Huyo naye anaye mtu anayemfanyia kazi nyumbani, hata kama hajawahi kujiita mwajiri.

Hoja ya makala hii ni nyepesi kuisema na nzito kuitekeleza. Mwajiri anapoihamishia kazi nyumbani kwa mfanyakazi, hajahamisha wajibu wake. Kinachobadilika ni kwamba kuanzia siku hiyo yeye ndiye mgeni katika nyumba ya mtu, na mgeni ana adabu zake.

Mfanyakazi ameuza nini?

Tukitaka kujibu swali la Oktoba, inatupasa kwanza kujua mfanyakazi ameuza nini. Wanazuoni wetu wa fiqhi walilijadili jambo hili karne nyingi kabla ya kuwepo umeme. Waliwagawa walioajiriwa katika mafungu mawili. Wa kwanza ni ajir khas, yaani mtu aliyeajiriwa na mmoja kwa muda maalum, kama mtumishi wa dukani au mchungaji wa mifugo ya mtu mmoja. Wa pili ni ajir mushtarak, fundi anayehudumia watu wengi, kama fundi cherehani, dobi au seremala. Huyu wa pili anauza kazi iliyokamilika. Shati likiisha analipwa, lisipoisha halipwi, na hakuna mwenye haki ya kumuuliza alilala saa ngapi. Yule wa kwanza anauza muda wake. Akijiweka tayari kwa mwajiri katika muda waliokubaliana, ujira umethibiti, hata kama mwajiri hakuwa na kazi ya kumpa siku hiyo.

Hukumu hii iliandikwa wazi katika Majalla, kitabu cha sheria kilichokusanywa katika dola ya Uthmaniyya kati ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata fiqhi ya Kihanafi. Kifungu cha 425 kinasema kwa maana kuwa ajir khas anastahiki ujira kwa kuwepo kwake tayari kwa kazi, wala si sharti awe ameifanya kazi kwa vitendo, ila asiwe amekataa kuifanya.

Wapangaji wa jiji hili wataielewa hukumu hiyo haraka. Umelipa kodi ya chumba Tandika miezi sita. Mwezi wa pili ukapata msiba Tanga, ukakaa huko wiki tatu. Ukirudi, je, mwenye nyumba atakurudishia kodi ya wiki tatu? Hathubutu. Alikukabidhi ufunguo, chumba kilikuwa chako, kukitumia au kutokukitumia ni juu yako. Mfanyakazi wa muda amemkabidhi mwajiri ufunguo wa siku yake. Hawezi kuikodisha siku hiyo kwa mwingine, hawezi kwenda gengeni kuuza mihogo, hawezi kwenda shamba Mkuranga. Amefungwa na ahadi.

Sasa tuangalie kinachofanyika katika kazi nyingi za nyumbani. Mwajiri anataka mfanyakazi awe hewani tangu saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, ajibu kila ujumbe ndani ya dakika chache, aombe ruhusa akitaka kwenda hospitali. Hayo ni masharti ya ajir khas. Lakini umeme ukikatika, au intaneti ikizima, mwajiri huyo huyo anageuka na kusema, "Leo hukuleta kazi, leo hulipwi." Hiyo ni hukumu ya ajir mushtarak. Anachukua muda wa mmoja na hasara anaitupa kwa mwingine, na wote wawili ni mtu yule yule mmoja. Dhulma nyingi ya kazi za nyumbani imejificha hapo, na wengi wanaoifanya hawakukusudia kudhulumu. Hawajawahi tu kuambiwa wachague.

Na kuchagua ni lazima. Ukitaka muda wa mtu, lipa muda, na mawimbi ya mtandao yawe juu yako. Ukitaka kulipa kazi iliyokamilika, basi mwache huru na saa zake, afanye alfajiri au usiku, usimuulize yuko wapi.

Yuko anayeweza kuleta hoja ya upande wa pili, nayo ni hoja ya kielimu. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Jabir (RA), Mtume (SAW) alimkataza muuzaji wa matunda kuchukua mali ya mnunuzi ikiwa matunda yamepatwa na janga kabla hayajamfikia. Je, kuzimwa kwa intaneti si janga? Kwa nini mwajiri alipe tunda ambalo halikumfikia? Jibu ni kwamba hadithi inahusu bidhaa ambayo bado haijakabidhiwa. Ajir khas aliyekaa mbele ya kompyuta yake akisubiri, amekwishakabidhi alichouza. Ambaye hakukabidhi ni yule aliyeondoka zake na kwenda kwenye shughuli zake, na huyo hana madai.

Tena tuulize kwa upande mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi ilikuwa katika mgao wa umeme. Mei 12, 2024 nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilikatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote. Siku hizo, wafanyakazi waliokuwa wamekaa ofisini Posta na Upanga bila kufanya lolote, nani alifikiri kuwakata mshahara? Walikuwa kwenye viti vyao, wakahesabiwa wamefika kazini. Kwa nini aliyeko Chamazi akatwe kwa giza lile lile?

Nakubali kuwa wapo waajiri wadogo ambao siku tano bila biashara zinawaangusha. Mwenye ofisi ya watu watatu si sawa na benki. Kwa huyu mlango wa suluhu uko wazi. Akae na watu wake, wakubaliane kufidia saa hizo wiki zijazo, au walipwe sehemu sasa na sehemu baadaye. Suluhu inatokana na ridhaa ya pande mbili. Makato yanayogunduliwa na mfanyakazi tarehe 30 akiangalia salio kwenye simu si suluhu.

Gharama zilizohama kimya kimya

Jambo la pili ni gharama. Ofisi ina kodi, ina umeme, ina maji, ina intaneti, ina meza na viti, ina mlinzi. Kazi inapohamia nyumbani, gharama hizo hazifi. Zinahama pamoja na kazi na kutua kwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Chukua mfano wa nyumba za kupanga za Temeke na Kinondoni, ile ya vyumba sita na korido katikati. LUKU ni moja, wapangaji wanachangia. Mmoja anapoanza kuwasha kompyuta na feni kutwa nzima kwa sababu ya kazi ya kampuni, uniti zinaisha kabla ya siku zilizozoeleka. Jirani mwenye taa moja na redio anaanza kunung'unika, na ana haki. Kwa hiyo kampuni yenye ofisi ghorofani mjini inalipiwa umeme na mama muuza vitumbua wa Yombo, bila yeye kujua na bila kampuni kujua. Bado hatujasema bando. Mfanyakazi anayetuma mafaili makubwa na kukaa kwenye vikao vya video anaweza kumaliza kwa siku chache bando ambalo familia ingetumia mwezi.

Katika kanuni za fiqhi kuna ile isemayo kuwa mzigo huenda pamoja na faida, al-ghurmu bil-ghunmi. Anayevuna ndiye anayegharamia. Na katika hadithi ya Abu Dharr (RA) iliyomo ndani ya Bukhari, Mtume (SAW) alikataza kuwatwika wanaotutumikia wasiyoyaweza, akaongeza kwamba tukiwatwika basi tuwasaidie. Tumezoea kuisoma sehemu ya mwanzo ya agizo hilo na kuisahau ya mwisho. Kusaidia hapa si kumwambia mtu "pole na kazi" kwenye kundi la WhatsApp. Ni kumpa kifaa cha kazi, kumlipia intaneti, na kuweka kiasi kinachojulikana kwa ajili ya umeme.

Mwajiri atasema, "Lakini nimempunguzia nauli na muda wa foleni." Ni kweli, na ihesabiwe. Haki si kumkandamiza mwajiri. Yapigwe mahesabu mawili, nauli iliyookolewa upande mmoja, umeme, bando na kifaa upande wa pili. Kama nauli inafidia, sawa. Lakini mwenye kuikumbuka nauli ya mfanyakazi akumbuke pia kodi ya ofisi aliyoiokoa yeye. Wanaopunja vipimo wametajwa mwanzoni mwa Surat al-Mutaffifin, na sifa yao ni kwamba wao wakipima cha kwao hutaka kitimie, na wakipima cha wenzao hupunguza.

Nyumba ina mlango

Allah (SW) katika Surat an-Nahl, aya ya 80, anaitaja nyumba kuwa ni mahali pa utulivu kwa wanadamu. Na katika Surat an-Nur, aya ya 27 na 28, anatukataza kuingia nyumba za watu bila kuomba ruhusa na kutoa salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Sote tunaijua adabu hii na tunawafundisha watoto wetu hodi. Lakini hodi ya mlangoni imebaki, na simu imevunja ukuta.

Mtume (SAW) alieleza kuwa kuomba ruhusa kuliwekwa kwa sababu ya jicho. Tuitafakari sababu hiyo. Leo jicho la mwajiri linaweza kuwa ndani ya chumba cha kulala kabla mwajiri mwenyewe hajatoka kwake Mikocheni. Kikao kinaitishwa ghafla, kila mmoja anatakiwa awashe kamera. Dada yuko nyumbani kwake, chumba kimoja na sebule, mtoto kalala kitandani nyuma yake, hajajistiri kwa ajili ya kuonwa na wanaume kumi wa ofisini. Akichelewa dakika tano kutafuta mtandio anaandikwa mzembe. Zipo pia programu zinazopiga picha za kioo cha kompyuta kila baada ya muda na kuhesabu mtu amegusa kitufe mara ngapi. Anayeziweka bila kumwambia mfanyakazi ajiulize kama hilo liko mbali na upelelezi uliokatazwa katika Surat al-Hujurat, aya ya 12. Hata sheria ya nchi imeanza kulitazama hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamdai anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu halali na amjulishe mwenyewe.

Baada ya jicho kuna saa. Surat an-Nur hiyo hiyo, aya ya 58, imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa ndani ya nyumba waombe ruhusa: kabla ya swala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya mchana, na baada ya swala ya Isha. Ikiwa mtoto wako wa kumzaa anatakiwa abishe hodi baada ya Isha, ni hodi gani anayobisha meneja anayetuma ujumbe saa 4 usiku akitaka ripoti kabla ya asubuhi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi katika hili. Kazi ya kawaida haizidi saa 45 kwa wiki wala saa 9 kwa siku. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Baina ya siku moja ya kazi na nyingine kuna mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila wiki kuna mapumziko ya saa 24. Anayefanya kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ana nyongeza ya asilimia 5. Sijaona mahali ambapo sheria hiyo inasema kuwa saa zinaacha kuhesabiwa mtu akivaa kandambili. Ufaransa, tangu mwaka 2017, makampuni makubwa yanatakiwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutokupatikana kwenye simu na barua pepe baada ya kazi. Sisi hatuhitaji kungoja Wafaransa watufundishe kuwa baada ya Isha mlango umefungwa.

Kuhusu kazi ya ziada, tunao mfano bora zaidi. Katika Surat al-Qasas, mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa (AS) aliweka miaka minane, akasema kuwa kama Musa atatimiza kumi, hiyo miwili ni hiari yake mwenyewe, na akaeleza kuwa hataki kumtaabisha. Tazama jinsi mkataba ule ulivyopangwa. Muda wa lazima unajulikana. Cha ziada ni cha mfanyakazi kutoa, si cha mwajiri kudai. Na mwenye nguvu katika mkataba ndiye aliyetangulia kusema kuwa hataki kumchosha mwenzake. Mwajiri wa leo akiandika maneno hayo matatu tu katika barua ya ajira, nusu ya malalamiko itakwisha.

Wasio na barua ya ajira

Tumezungumza sana juu ya wenye kompyuta kwa sababu ndio wanaosikika. Lakini wengi wanaofanyia kazi nyumbani katika vitongoji vyetu hawana kompyuta wala barua. Ni mama mwenye cherehani anayepelekewa vitambaa vya sare za shule na mwenye duka, alipwe kwa idadi. Ni binti anayedarizi kofia. Ni familia inayofungasha karanga na viungo vya mtu kwenye mifuko midogo.

Hawa wako karibu zaidi na ajir mushtarak, wanalipwa kwa kipande, na hilo kisheria halina ubaya. Ubaya unaingia mahali pengine. Bei hupangwa na upande mmoja. Uzi na sindano vinatoka mfukoni mwa mshonaji. Kipande kikionekana na kasoro hakilipwi, lakini pia hakirudishwi, kinauzwa hivyo hivyo kwa bei ya chini na fedha inakwenda kwa mwenye duka. Mzigo wa sare unaletwa wiki moja kabla ya shule kufunguliwa na mama anakesha, na watoto wake wanakaa kufunga vifungo badala ya kulala. Malipo yanangoja mpaka bidhaa iuzwe, jambo ambalo linamgeuza mshonaji kuwa mkopeshaji wa tajiri bila kuombwa. Hapo ndipo msemo wa punda afe mzigo ufike unapopata maana yake kamili.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 177 mwaka 1996 kuhusu watu hawa hasa, wanaofanyia kazi majumbani, likitaka watendewe sawa na wafanyakazi wengine katika ujira, usalama na hifadhi ya uzazi. Lakini Muislamu ana sababu iliyotangulia mkataba huo. Imam Bukhari amepokea hadithi ambamo Allah (SW) anajitangaza kuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Hakusema aliyemwajiri kwa barua. Na kofia unayoivaa unapoisikiliza hadithi hiyo msikitini, inafaa ujue aliyeidarizi alilipwa lini na kiasi gani.

Nasi tunaoendesha taasisi za Kiislamu tusijitoe. Shule zilipofungwa mwaka 2020, wapo walimu wa shule binafsi waliokaa miezi bila mshahara au kwa nusu mshahara, huku baadhi yao wakiwatumia wanafunzi kazi na masahihisho kwa simu zao na bando lao. Vivyo hivyo ustadhi wa madrasa anayefundisha barazani kwake Manzese au Kigogo. Tunamwita muhisani wa umma, tunamwombea dua, na kodi ya baraza hilo tunamwachia yeye. Kumwambia mtu kwamba malipo yake yako kwa Allah ni kweli, lakini hakumwondolei aliyemwajiri deni lake.

Na mfanyakazi naye

Ingekuwa si uadilifu kuishia hapo. Mwajiri ana hofu, na hofu yake ina msingi. Yapo malalamiko ya watu wanaowasha kompyuta asubuhi na kwenda kwenye bodaboda zao, wanaouza muda mmoja kwa makampuni mawili, wanaodai umeme umekatika mtaa mzima ungali unawaka. Ajir khas aliyeuza muda wake kisha akautumia kwa mwingine amekula cha mtu, sawasawa na mwajiri aliyemkata mshahara bila haki. Binti wa mzee wa Madyan alipompendekeza Musa (AS) alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Ofisini uaminifu unalindwa kidogo na macho ya wenzako. Nyumbani hakuna anayekuona ila Yule asiyelala.

Lakini dawa ya hofu hiyo si kamera chumbani. Mwajiri aangalie kazi aliyoipokea. Apange kazi inayopimika, apokee ripoti kwa wakati waliokubaliana, na akimwona mtu hatimizi amwite waongee. Asiyeweza kumwamini mtu nyumbani amwite ofisini, ni haki yake. Asichoruhusiwa ni kumweka mtu nyumbani ili aokoe kodi, kisha amlinde kama mahabusu ili apoze wasiwasi.

Yaandikwe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Surat al-Baqara aya ya 282, inahusu kuandika madeni, na sababu inayotolewa humo ni kuwa kuandika kunaondoa shaka. Sheria yetu ya mwaka 2004 nayo inataka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, yakiwemo mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Kazi ikihamia nyumbani, mahali pa kazi pamebadilika, kwa hiyo karatasi nayo ibadilike.

Ziandikwe nukta tano hivi. Analipwa kwa muda au kwa kazi iliyokamilika. Saa zake zinaanzia wapi na kuishia wapi, na ya ziada inalipwaje. Kifaa, intaneti na umeme ni juu ya nani, na kwa kiasi gani. Mtandao au umeme ukikatika bila kosa la yeyote, nini kitafanyika. Na akiumia akiwa kazini nyumbani kwake, taarifa itapelekwa wapi, kwa kuwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inazungumzia madhara yatokanayo na kazi, na haifai mwajiri afiche tukio kwa kisingizio kuwa halikutokea ofisini. Kwa mama wa cherehani karatasi iwe fupi zaidi: bei ya kipande, uzi wa nani, siku ya malipo, na kipande chenye kasoro kinakwenda wapi.

Kamati za misikiti zinaweza kusaidia. Wapo mawakili na wahasibu wanaoswali nasi kila Ijumaa. Si kazi kubwa kwao kutengeneza karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, ikawekwa ofisini kwa Imamu, mwenye duka na mshonaji wakaja kuijaza mbele ya mashahidi wawili.

Turudi sasa kwa yule kijana wa Mbagala. Siku zile aliamka, akaoga, akakaa mbele ya kompyuta akingoja. Hakuna aliyempigia, kwani hakukuwa na njia ya kupiga. Ujira wake ni haki, na bosi wake akiulipa hajatoa sadaka. Kama alikwishaukata, muda wa kuurudisha bado upo, na ni afadhali kuurudisha hapa kwa shilingi kuliko kesho mahali ambapo shilingi haipokelewi.

Wabillahi tawfiq.